Mzigo wa Nahodha

Kuna watu wa hapa Bunda wanaokwenda visiwani kupumzika. Wanarudi na picha kwenye simu: jua linazama, mawe makubwa yamebebana, ndege weupe wamejipanga juu ya mawe. Halafu wananiambia, mwalimu, wewe umezaliwa pazuri. Huwa nawaangalia tu. Nikifungua mdomo nitawatukana, na wengine tunasali nao kanisa moja.

Mimi kile kisiwa nakijua. Sijakipenda hata siku moja, wala nilipokuwa mtoto ambaye hajaona pengine. Ndege weupe wale wananya juu ya dagaa walioanikwa. Kwenye mawe yale mazuri mamba anaotaga jua, na ukienda kuchota maji unatupa kwanza jiwe, unasubiri, unatupa la pili. Kuna wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi wa tanuri la matofali. Moshi huo ukielekea kwenu, unafunika sufuria, unafunika mtoto, unafunga mdomo mpaka upite, na ukichelewa kufunga unawala.

Lakini yote hayo tuliyazoea. Kitu ambacho hakizoeleki ni mwezi wa nane ukiishia na wa tisa ukiingia. Kiangazi kimechoka, mvua bado haijaamua, na hapo katikati ziwa linakuwa halina adabu. Asubuhi upepo unatoka nchi kavu unakwenda majini. Mchana unageuka, unatoka majini unakwenda nchi kavu. Huo wa mchana ndio uliokuwa unatuvusha kwenda Musoma, maana ulitusukuma mgongoni. Basi katika wiki zile mbili tatu, upepo huo huo wa kukupeleka sokoni unaweza kukubebea wingu jeusi lenye mvua ya mawe. Nimewahi kuona wingu likishusha mkia mpaka majini, mkia unazunguka, unakunywa ziwa, na watu wazima mwaloni, pale mitumbwi inapopakia, wanavua kofia. Sikuona uzuri wowote. Nilijikojolea.

Baba yangu hakufa maji. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wakisikia kisiwa wanaruka moja kwa moja kwenye kuzama. Baba alikufa kwa homa, kitandani, kwa kuwa zahanati ilikuwa na mganga, ilikuwa na kitanda, ilikuwa na daftari, ila haikuwa na dawa. Ndiyo miaka yenyewe ilivyokuwa. Dukani unakuta mwenye duka amekaa na rafu zake tupu. Tulifua kwa majani ya mpapai. Tulikula yanga, ule unga wa njano wa msaada, mpaka mimi hadi leo mahindi ya njano siyagusi.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani, na kisiwani walimwita Mama Fundi. Alikuwa na cherehani ya miguu, ile yenye chuma chini na kichwa cheusi juu, aliyoletewa na baba enzi ambazo kitu kama hicho kiliwezekana. Kwa kuwa nguo hazikuwepo, mama alishona kile kilichokuwepo. Aligeuza kola. Alichukua suruali mbili zilizochakaa akapata moja inayovalika. Mifuko ya kitambaa iliyokuja na unga wa msaada aliifumua, akaifua, akaiunganisha ikawa tanga la mtumbwi wa baba mdogo, na maandishi ya kigeni yalikuwa bado yanasomeka juu ya tanga hilo likijaa upepo. Injini ya baba mdogo ilikuwa imelala ndani ya nyumba imefunikwa gunia, haina petroli wala kipuri, inafuga buibui. Kwa hiyo mtumbwi mkubwa kuliko yote kisiwani ulikuwa unatembea kwa mshono wa mama.

Baba mdogo alikuwa mdogo wake baba wa kumfuata. Baba alipozikwa na siku za matanga zikaisha, ukoo ulikaa. Desturi ilikuwa inajulikana, mjane anabaki kwa mdogo wa marehemu. Baba mdogo alikuwa na mke tayari, lakini hilo halikumsumbua mtu. Mama hakulia wala hakupiga kelele. Aliomba ruhusa ya kusema, akasema yeye ni mtu wa kanisa, na pia ana kazi ya mikono. Dada yake, yaani mama mkubwa wangu, aliolewa Makoko, pale Musoma mjini. Kulikuwa na mwenye duka aliyekuwa tayari kumpa nafasi barazani, kwa sababu redio ilianza kusema watu sasa wanaruhusiwa kuleta bidhaa, vitambaa vilikuwa vinarudi, mitumba ilikuwa inaingia na kila nguo ya mtumba inataka kupunguzwa. Mama akasema, mimi nitajilisha na mwanangu nitamlisha.

Wazee wakauma meno. Mzee wa kanisa alikuwa amekaa pale pale, hawakutaka kugombana naye. Wakaamua hivi: akiwa na namna ya kujilisha, aende. Akiwa hana, arudi kwenye nyumba ya mumewe, na nyumba ya mumewe ni ya huyu. Wakamnyooshea kidole baba mdogo, naye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu kama bwana harusi.

Kwa hiyo mnaelewa cherehani ile ilikuwa nini. Ikifika Makoko, mama ni mtu huru. Isipofika, mama ni mke wa pili.

Sasa niwaeleze desturi nyingine, ya majini, maana bila hiyo hamtaelewa ubaya uliotendeka. Kwetu nahodha hapakii mzigo wake kwa siri. Watu wote wakishapanda, yeye ndiye wa mwisho kuleta chake, anakiweka mbele kabisa, kwenye kichwa cha mtumbwi, kila mtu anakiona. Ziwa likichafuka na ikabidi mzigo utupwe, kinaanza cha nahodha. Baada ya hapo ndipo vya abiria. Sababu yake ni rahisi na ni ya akili sana: nahodha ndiye anayesema twende au tukae. Akijua chake ndicho kitakachotangulia majini, wingu ataliangalia mara mbili. Siku akiwa hana mzigo, anasema mbele ya watu, leo mimi sina kitu. Na watu wanamwamini, kwa sababu wamemkabidhi roho zao, watashindwaje kumkabidhi sikio.

Ile miaka ya shida ndiyo iliyoua desturi hiyo. Mzigo wa magendo hauwekwi mbele. Redio ilisema vitu vimeruhusiwa, lakini mgambo wa mwaloni hawakuwa wamesikiliza redio, au walisikiliza wakaona hasara kwao. Vitu vilikuja kwa maji kutoka ng'ambo ya mpaka, vikapumzika visiwani, halafu vikaingia Musoma chini ya dagaa.

Asubuhi ya siku ya safari nilikwenda nyuma ya mawe kusugua sufuria kwa mchanga. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikamwona baba mdogo na wapiga kasia wake wawili wanatoka kwenye ufa wa mawe na madebe ya mafuta ya kupikia, yale ya bati, mazito, bado yamefungwa. Niliyahesabu, yalikuwa manane. Waliyapanga katikati ya mtumbwi, chini kabisa, wakatandika juu yake majani makavu.

Baba mdogo aliponiona hakukasirika. Alikuja taratibu, akachuchumaa mbele yangu.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Una akili," akasema. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa sabuni. Ya kuogea, ndani ya karatasi yake, yenye picha ya mwanamke mwenye nywele ndefu. Mimi sabuni ya namna hiyo nilikuwa nimeiona mara ya mwisho nikiwa darasa la pili. Alinipa kiganjani, akanifunga vidole mwenyewe.

Nikaichukua. Sitasema alinitisha, kwa sababu hakunitisha. Nilitaka ile sabuni. Nilikuwa nakwenda mjini, ningeingia shule ya mjini, na nilitaka kunukia kama watoto wa mjini. Nikaitia kifuani ndani ya gauni.

Abiria walipokuja, wachuuzi watatu wa dagaa wakapakia magunia yao katikati, juu ya majani yale, bila kujua juu ya nini. Akapanda mzee mmoja aliyefungwa kitambaa jichoni, anakwenda hospitali. Mama akaja na cherehani yake, chuma kimebebwa na vijana wawili, kichwa amekibeba mwenyewe kifuani, amekiviringisha kwenye khanga. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Hata viatu alivaa, kwenye mchanga, na hakuna mtu aliyevaa viatu pale mwaloni.

Baba mdogo akampokea vizuri kupita kiasi. "Shemeji, weka hapa mbele. Pamekaa wazi."

Mama akasita. "Hapo si pa mzigo wako?"

"Leo mimi sina kitu," akasema, kwa sauti, kila mtu akasikia.

Mama akaifunga cherehani pale mbele kwa kamba ya katani, mafundo manne. Halafu akaja kukaa katikati, juu ya magunia ya dagaa, akanivuta nikae karibu naye, ukingoni. Mimi nilikuwa naangalia miguu yake. Nilijua kilichopo chini, na sikusema.

Upepo wa mchana ulichelewa siku hiyo. Tulikaa juani, wachuuzi wanalalamika, yule mzee wa jicho akiuliza kila saa tunangoja nini. Upande wa machweo kulikuwa na wingu. Halikuwa kubwa, lakini lilikuwa na tumbo la rangi ya maini, na wavuvi wawili waliokuwa wanarudi waliuvuta mtumbwi wao juu kabisa ya mchanga, mbali kuliko kawaida. Mmoja akamwambia baba mdogo, "Ngojeni kesho."

Nahodha yeyote mwenye mzigo mbele angengoja kesho. Huyu alikuwa na mtu wake pale Makoko, mgambo mmoja aliyeelewana naye, na zamu ya huyo mtu iliisha jioni ile ile. Akasema, "Hilo linapita pembeni." Upepo ukashika tanga, tukaondoka.

Tulikuwa tumeshapita katikati, Musoma inaonekana, milima yake ya mawe inaonekana, upepo ulipokufa. Haukupungua, ulikufa. Tanga likaning'inia. Maji yakawa mazito, yanang'aa kama mafuta, na harufu ya mvua ikaja kabla ya mvua. Wachuuzi wakaacha kupiga soga. Nikageuka nyuma nikaona mstari mweupe umelala juu ya maji kutoka upande mmoja mpaka upande wa pili, unatujia.

Mtu mwenye akili angeshusha tanga pale pale. Baba mdogo alitaka upepo wa mwanzo wa dhoruba umsukume afike. Ukamsukuma kweli. Ulikuja kwa ubavu, mtumbwi ukalala, maji yakaingia kwa upande wa chini kama mtu anamwaga ndoo. "Upande wa upepo!" akapiga kelele, na wote tukaparamia ukingo wa juu tukauning'inia kwa makalio ili mtumbwi usimalizie kulala. Mama tu alibaki katikati juu ya magunia, maana uzito wake pale ulihitajika, ndivyo nahodha alivyosema. Kamba ya tanga ilikuwa imevimba kwa maji, tanga halishuki. Tanga lingepasuka tungepona mapema, upepo ungetoka. Halikupasuka. Mama alikuwa ameshona mishono miwili miwili.

Mpiga kasia mmoja alikata kamba kwa panga. Tanga likaanguka majini, likakokota, wakalivuta. Ndipo mvua ya mawe ikaanza. Nimesema siipendi habari ya uzuri wa visiwa. Njooni mpigwe na barafu kichwani, mikono yote miwili ina kazi, huwezi hata kujikinga uso. Yule mzee kitambaa chake cha jicho kiliondoka. Mimi nilikuwa nachota maji kwa sufuria ile ile niliyoisugua asubuhi, mkono mmoja, na kila nilichotoa kilirudi mara mbili.

"Tupunguze mzigo," mpiga kasia akasema. Halafu akanyamaza, kwa sababu naye alijua.

Mchuuzi mmoja, mama mnene mwenye sauti ya kiume, akasema, "Chukueni gunia langu. Chukueni dagaa wangu wote, potelea mbali, mimi nina watoto."

Baba mdogo akakataa. "Dagaa ni wepesi. Hawasaidii kitu."

Mtu anakupa mzigo wake utupe, tena mwenyewe, na wewe unamkatalia. Sijui kwa nini hawakushtuka. Hofu inafanya watu wajinga. Mimi nilishtuka, kwa sababu mimi nilijua magunia yale yakiondoka nini kitaonekana. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Kuna madebe chini. Maneno matatu tu, na desturi ingefanya kazi yake, wangeyafukua yakaenda majini moja baada ya jingine mbele ya macho yake. Na hapo hapo nikasikia kitu kinateleza kifuani. Sabuni ilikuwa imeloa. Povu lilikuwa linanishuka tumboni ndani ya gauni, linateleza, na mimi nikabana mkono ili isidondoke watu wakaiona.

Ndivyo nilivyokaa. Nimebana sabuni.

Baba mdogo akanyoosha kidole mbele. "Shemeji. Ile chuma."

Nilimwangalia mama. Nilisubiri apige kelele, ajitupe juu ya cherehani yake, amng'ate yule mtu. Ningemsaidia, naapa ningemsaidia. Mama hakufanya chochote kati ya hivyo. Alimtazama baba mdogo, akatazama wale watu wanaoning'inia ukingoni, akanitazama mimi kwa muda mrefu kidogo. Halafu akatambaa kwa magoti kwenda mbele, katika gauni la kanisani, akaanza kuifungua mwenyewe. Mafundo yalikuwa yameloa, akayafungua kwa meno. Chuma wakakinyanyua baba mdogo na mpiga kasia, kikaenda. Kichwa hakuwaachia. Alikiviringua kutoka kwenye khanga, akajifunga khanga kiunoni, kisha akakiinamisha juu ya maji na kukiachia taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Kama mtumbwi ulinyanyuka kwa sababu hiyo, sijui. Dhoruba ile haikudumu zaidi ya muda wa kusonga ugali. Ilitupita ikaenda kupiga nchi kavu, jua likatoka, ziwa likatulia kabisa na rangi yake ya buluu kama halikufanya kitu. Hapo ndipo ninapolichukia zaidi. Laiti lingeendelea kuchafuka hata siku mbili, mtu angesema kweli lilikuwa na njaa.

Tulifika Makoko tumekaa kwenye maji mpaka kiunoni. Watu wakashuka, wakamshukuru Mungu, wakamshukuru na nahodha. Ndiyo, walimshukuru. Yule mama mnene alimshika mkono wa mama yangu akalia, akasema umetuokoa, Mungu atakurudishia. Mimi nilibaki nyuma nikijifanya nakamua gauni, nikaona mkokoteni unakuja, madebe yanapanda, moja, mbili, mpaka nane, nyavu kuukuu juu yake. Hakuna hata moja lililobonyea.

Mama mkubwa alitupokea vizuri, lakini nyumba ilikuwa ya mumewe na unga ulikuwa wa kupimwa. Mumewe hakuwa mtu mbaya. Alisema mtoto wa shule tutamlea, ni damu yetu. Mtu mzima asiye na kazi, katika hali hii, hapana. Mwenye duka naye akasema barazani kwake alikuwa anahitaji fundi mwenye cherehani, fundi mtupu amfanyie nini. Siku ya tatu mtumbwi ulikuwa unarudi. Mama akashuka mwaloni akapanda. Baba mdogo akampa mkono kumsaidia, naye akaushika.

Mimi nilibaki. Niliiogea ile sabuni. Sikuitupa, wala sikuizika, kama ningekuwa nawatungia hadithi ningesema niliitupa. Niliiogea kila siku wiki tatu mpaka ikawa kipande chembamba, na shuleni waliniambia nanukia vizuri.

Baba mdogo nilimchukia kwa namna ya wazi, kila mtu alijua. Sikumwamkia. Akija mjini kuniletea samaki, naingia ndani. Watu walidhani ni kwa sababu amemrithi mama. Lakini mama, Mungu anisamehe, nilimdharau. Nilikuwa naliona lile jambo kila nikifumba macho: anatambaa, anafungua mafundo kwa meno. Nilijiambia mwanamke huyu alitaka kushindwa. Alikuwa anangoja tu aambiwe. Kumdharau kulinisaidia, maana kadiri nilivyomdharau ndivyo nilivyosahau kifua changu kilikuwa na nini siku ile.

Nikasoma, nikawa mwalimu. Nilianzia Buswahili, nikahamishiwa Butiama, mwisho Bunda, nikajenga hapa kwa sababu kutoka dirishani kwangu unaona pamba, unaona ng'ombe, huoni maji. Mama alizaa watoto wawili na baba mdogo, wadogo zangu, sina ugomvi nao. Miaka ikapita, baba mdogo akaugua tumbo, akafa kitandani kwake, sijui Mungu huwa anafikiria nini. Nikamchukua mama akaja kukaa na mimi.

Tulikaa vizuri, kwa adabu. Alikuwa mzee, anaona kidogo, ila mikono yake haikutulia. Siku moja, mwezi wa tisa, mchana, alikuwa amekaa uani na ungo wa choroko, anatoa mawe kwa kupapasa. Upepo ulikuwa umeanza, vumbi linaruka, wingu limekaa vibaya upande wa ziwa. Mimi hali hiyo inanipandisha hasira mpaka leo. Nikamwambia aingie ndani, akasema bado. Nikamwambia tena, akasema mwanangu, hilo linapita pembeni.

Sijui kwa nini maneno hayo yalinikata. Nikamuuliza, kwa ukali, kama namgombeza mwanafunzi. "Mama, kwa nini uliifungua mwenyewe?"

Hakuniuliza nazungumzia nini. Aliendelea kupapasa choroko.

"Ulitaka nifanyeje?"

"Ungekataa. Yule alikuwa na mzigo wake. Chini. Madebe manane."

"Najua," akasema.

Nikakaa chini, pale pale vumbini.

"Nilikuwa nimekaaga juu yake," mama akasema. "Dagaa wanabonyea. Mimi nilikuwa nimekalia bati, tangu tunatoka kisiwani. Nilijua kabla hatujafika popote." Akatoa jiwe, akalitupa pembeni. "Lakini wewe ulikuwa umekaa ukingoni. Ningesema kuna madebe, wale watu wote wangeinuka upande wa upepo waje kuyafukua, na hasira walizokuwa nazo. Mtumbwi unalala. Wa kwanza kwenda ni wewe. Ulikuwa hujui kuogelea hata hatua mbili. Cherehani ilikuwa mbele, watu wawili wanaitoa bila mwingine kuinuka. Kwa hiyo nikaitoa."

Alisema hivyo kama mtu anaeleza njia ya kwenda sokoni. Miaka yote ile nilikuwa namdharau mtu aliyekuwa ameninunua, tena kwa bei ambayo alijua kabisa ataimalizia kulipa kitandani kwa yule mwanamume.

Halafu akaniwekea mkono gotini. Ulikuwa na vumbi la choroko.

"Na wewe nilikuona," akasema. "Ulikuwa unaangalia pale chini ya miguu yangu, unaangalia, unabana midomo. Nikajua, huyu mtoto ameona. Anajua kama ninavyojua. Na amenyamaza, kwa sababu amepiga hesabu ile ile niliyopiga mimi. Mtoto mwingine angebwata tungekufa wote. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yako siku ile. Hata kule kwa baba yako mdogo, siku zikiwa mbaya, nilikuwa nasemaga, angalau nina binti mwenye akili."

Ningeweza kumwambia. Alikuwa na mkono wake juu ya goti langu, hakuna mtu mwingine uani, na sikuwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa na nyumba, na mshahara, na mvi. Nilifungua mdomo, kweli niliufungua.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Alifariki mwaka uliofuata. Tulimzika hapa Bunda, hakutaka kurudishwa kisiwani. Kwenye mazishi mdogo wangu wa kiume alisimama kutoa historia ya marehemu, akawasimulia watu habari ya dhoruba jinsi mama alivyomsimulia, na alipofika kwangu akanionyesha kwa mkono. Akasema, huyu hapa, alikuwa mtoto mdogo, lakini alijua kunyamaza, ndiyo maana mama alimpenda kuliko sisi. Kanisa zima likageuka kuniangalia kwa heshima. Nikainamisha kichwa, na mama mmoja wa kwaya akaja kunipa leso, akidhani nalia.